Katekista Aliyemzika Mwanangu Ndani ya Ua

Kwa miaka kumi na moja niliogopa kumwuliza mzee mmoja swali moja. Swali lenyewe ni fupi: ulimbatiza mwanangu, au hukumbatiza? Nilikuwa nakutana naye njiani, nasema shikamoo Mwalimu, anasema marahaba, hujambo, wazima huko, na mimi najibu wazima, swali limenikaa kooni kama mwiba wa samaki. Akishapita ndipo napumua.

Jina lake silitaji. Wengine humu nitawataja, tena kwa majina yao yote ninayoyajua, lakini yeye hakuna aliyemwita kwa jina. Alikuwa katekista wa kigango chetu huku njia ya Kaole, mtu wa kufundisha dini na kusalisha padri akiwa mbali, na watu wote, Wakristo kwa Waislamu, walimwita Mwalimu. Mimi shule niliishia darasa la nne, nikaenda kukwangua chumvi na mama yangu. Kwa hiyo nitaandika kama mambo yanavyonijia.

Kwanza watu walimwogopa. Hakuwa na fimbo. Jumamosi tulikaa chini kwenye sakafu ya kanisa, watoto kama ishirini hivi, anakuuliza swali halafu anafumba macho kungoja. Hiyo ndiyo adhabu yake. Unaona kope zinacheza, na wenzako wote wanakutazama. Maswali yake mengi yalikuwa ya kufa. Ukifa leo kabla ya magharibi unakwenda wapi wewe? Mtoto wa miaka minane anaulizwa hivyo.

Siku moja alichora kwa chaki sakafuni. Juu mviringo, ndiko kwa Mungu. Chini mistari mingi, ndiko motoni. Pembeni akachora kibanda kidogo kisicho na mlango. Akasema humo wanakaa watoto wachanga waliokufa bila ubatizo. Hawaungui, akasema, wala hawana njaa, ila hawamwoni Mungu na hawatawaona mama zao. Mwenzetu mmoja akauliza kama kibanda kina dirisha. Mwalimu akafumba macho akafikiri sana, akasema hapana. Nilirudi nyumbani nikakataa kula. Mama akadhani nina homa.

Alikuwa na neno lake moja la kufungia kila kitu: "Ndivyo tulivyopokea." Ukimwuliza kwa nini mishumaa, ndivyo tulivyopokea. Kwa nini mwanamke aliyejifungua asubiri siku fulani ndiyo aje kanisani, ndivyo tulivyopokea. Alipokea kwa katekista wa kabla yake, naye kwa mwingine, mpaka huko nyuma kwa wazungu wa misheni, na wao sijui kwa nani. Alilisema kama mtu anayeonyesha hati ya shamba.

Na alikuwa mtu wa kujipinga mwenyewe. Alikemea hirizi mpaka mate yanamtoka, halafu mtoto akilia sana yeye mwenyewe anamfunga medali shingoni kwa uzi mweusi. Sasa uzi mweusi kauokota wapi kama si kwa waganga wa hapahapa? Alisema Waislamu wamepotea, na siku ya Idi humkosi barazani kwa Bi Mwanahawa, jirani yangu, anakula pilau na kuomba aongezewe ukoko. Bi Mwanahawa ndiye mtu pekee niliyemwona akimtania. Alimwambia, "Mwalimu, kula utakavyo, ila chupa yako hiyo usiisogeze kwa wajukuu zangu."

Hiyo chupa ilikuwa ya dawa ya kikohozi, imeoshwa, ndani maji ya baraka. Alikaa nayo mfukoni mwa shati siku zote, akienda shamba, akienda harusini. Alisema mtu akiwa kufani hakuna kungoja padri. Yeyote anaweza kumbatiza, hata asiye Mkristo, mradi maji yapo na maneno yapo na nia ipo. Pikipiki ikigonga mtu barabara ya Kerege, watu wanakimbilia kuangalia, yeye anakimbilia huku kashika mfuko.

Jambo jingine ni chumvi. Zamani mtoto akibatizwa alilambishwa chumvi kidogo. Padri alimwambia mara nyingi kwamba desturi hiyo Kanisa lenyewe limeshaiacha. Mwalimu anaitika ndiyo Padri, ndiyo Padri, na Padri akigeuka kuchukua taulo, kidole cha Mwalimu kimeshafika mdomoni kwa mtoto. Chumvi ya pakiti ya dukani hakuitaka. Alikuja kwetu mashambani, pale maji ya bahari yanapokauka kwenye majaruba, anachagua punje kubwa nyeupe, anafunga kwenye gazeti. Mara nyingi nilimchagulia mimi. Nilikuwa najisikia nafanya kazi ya Mungu.

Sasa niseme la kwanza lililotutenga. Mimba yangu ya kwanza ilifika miezi yote, mtoto akazaliwa hana pumzi. Mwalimu alikuja asubuhi, akatoa pole vizuri, akapokea kile kifurushi mikononi kama anayepokea chombo cha mtu. Makaburi yetu yamezungukwa na ua wa minyaa. Akapita nao, akazunguka upande wa nyuma, akamzika nje ya ua, pale wanapotupa maua yaliyonyauka. Kengele haikulia. Nilimwuliza, kwa nini hata kengele hukuipiga, Mwalimu? Mnajua alichojibu. Kisha akapangusa mikono akaenda kusalisha rozari.

Miaka ile yote, kila nikipita pale, naona kibanda kisicho na mlango. Watu wakinilaumu kwa niliyofanya baadaye, waanzie hapo.

Maana baadaye alikuja Elifasi. Namtaja: Elifasi, aliyejiita Mtumishi, alitokea upande wa Ubena na spika mbili, akajenga banda la mabati Kerege, akaliita Neno Pekee. Maneno yake yalikuwa mepesi kushika. Kisichoandikwa hakipo. Alikuwa anasimama kando ya barabara kuu anataja vitu vyetu kimoja kimoja: ubani, maji ya baraka, chumvi, kubatiza wachanga. Kila kimoja anauliza, sura ya ngapi, mstari wa ngapi? Watu wanacheka, wanapiga makofi.

Mwalimu alikwenda kumkabili. Wengi tulifuata kama tunaofuata mpira. Mwalimu akasema Kanisa lilikuwapo kabla kitabu hakijashonwa jalada, na walioandika walikuwa wanakanisa tayari, wanasali na kubatiza. Hapo nadhani alishinda, kwa sababu Elifasi aliinama akajifanya anarekebisha spika. Halafu Mwalimu akaharibu kwa kejeli, akamwuliza, "Na hiyo tai uliyojinyonga nayo imeandikwa mstari wa ngapi?" Watu wakacheka sana. Elifasi naye akacheka. Kisha akafungua Maandiko katikati, akampa mbele za watu, akasema mzee wangu tusomee hapo ulipoangukia.

Mwalimu alishika kitabu. Akakisogeza mbali, akakileta karibu. Jumapili zote tulizomsikia akisoma, kumbe alikuwa anasema kwa moyo yale anayoyajua, macho ameyaweka kwenye karatasi. Mpaka leo sijui kama yalikuwa macho au kisomo. Alisimama pale muda mrefu, kope zinacheza, kama sisi tulivyokuwa tunasimama mbele yake. Watu wakamcheka. Mimi nilicheka kuliko wote.

Elifasi nilimwendea jioni ile na kumwuliza habari ya kibanda. Akaniambia, "Mama, nyumba hiyo haimo. Ipekue kurasa zote, hutaiona." Nililia palepale bandani. Mwanangu wa kwanza alikuwa ametoka kibandani, nilijisikia hivyo, ametolewa na mtu mwenye tai. Nani asingefuata?

Mume wangu, Gervas, alinifuata mimi, halafu akanipita. Akawa mlinda mlango wa Elifasi. Rozari ya marehemu mama yangu aliichoma kwenye jiko la mkaa huku nikitazama. Huyo ni wa pili katika orodha yangu ya wenye lawama. Wa tatu ni mimi, sijifichi.

Huko Neno Pekee nilizaa mtoto wa kike. Elifasi alisema asibatizwe, atachagua akikua, na jina la Kikristo atajichagulia siku hiyo hiyo. Sisi tukamwita Mboni, jina la nyumbani. Alikuwa na meno yaliyoachana mbele, na alipenda kulala kifudifudi, matako juu.

Mwalimu tulikutana naye kisimani Mboni akiwa na miezi michache. Akamtazama, akaniuliza amepewa jina gani. Nikamwambia. Akasema hilo ni la nyumbani. Nikasema linatosha, Mwalimu. Nikaona mkono wake unapanda taratibu kwenye mfuko wa shati. Sikusubiri. Nilimfunika mtoto kanga nikageuza njia, ndoo nimeacha. Tangu siku hiyo nikawa namwogopa upya. Utoto wangu nilimwogopa kwa maswali, sasa nikawa naogopa mkono wake. Nikifua nyuma ya nyumba, mtoto namfunga mgongoni, Mwalimu asije akapita.

Mboni alifikisha miaka miwili, akapata homa. Siku ya kwanza moto, jioni akaanza kutetemeka. Elifasi akaja na mafuta. Akasema imeandikwa wazee waombe na kupaka mafuta, basi, zahanati haikuandikwa. Tufunge siku tatu bila chakula. Gervas akakaa mlangoni. Mimi nami nilifunga, midomo imekauka, kichwa kinazunguka, namwona mwanangu kama aliye ng'ambo ya kitu.

Siku ya pili, mchana, Mwalimu alikuja. Bi Mwanahawa ndiye aliyemwita, baada ya yeye mwenyewe kufukuzwa na Gervas mara mbili. Nikasikia Gervas anafoka, nikatoka mwenyewe. Mwalimu alikuwa amesimama juani, kofia mkononi. Hakunihubiria. Akasema, "Binti yangu, nipe mtoto tumpeleke hospitali. Gari nimeshaomba. Kama hutaki, basi niache nimtie maji tu, nimtie maji niondoke."

Mimi, mama wa mtoto, nikamjibu, "Nionyeshe sura na mstari."

Ndivyo nilivyosema. Kwa mtu niliyemcheka mbele za watu kwa sababu ya sura na mstari. Akatazama kofia yake, akageuka. Siku ya tatu, kabla jua halijapanda, Mboni akaacha kuhema. Elifasi alisema imani yetu ilikuwa na ufa. Juma lile lile alikunja spika zake, Gervas akaondoka naye. Nasikia Elifasi ana banda jingine huko bara. Kama unasoma haya na kwenu kuna mtu wa jina hilo na spika mbili, mpeleke mtoto wako hospitali.

Mazishini nilikuwa nimejiandaa kwa nje ya ua. Nilijua sehemu, nilijua na minyaa ilipopinda. Nikaona wachimbaji wako ndani. Mstari wa tatu, karibu na ukoo wa watu wenye heshima zao. Kengele ikalia. Mwalimu alisalisha sala zote za mtoto Mkristo, hakuruka hata moja, na Padri yuko pale na hakusema kitu. Watu wakatazamana. Mwalimu akasema, "Huyu ni wetu," akatupa mchanga.

Bi Mwanahawa akaninong'oneza tukiwa tunarudi. Akasema siku ile Mwalimu alipotoka mlangoni kwangu hakushika njia. Alizunguka nyuma, kwenye dirisha la chumbani, mkono uko mfukoni. Mkeka wa Mboni ulikuwa chini ya dirisha hilo. Yeye alimwona mpaka alipopotea nyuma ya migomba, zaidi ya hapo hakuona.

Basi hapo ndipo swali lilipozaliwa. Kama alimbatiza, aliniibia mtoto kupitia dirishani, na ningeweza kumchukia kwa amani, na mwanangu ana pa kukaa. Kama hakumbatiza, basi yuko pale nilipomweka mimi. Maana Elifasi alipoondoka na spika zake, kibanda kilirudi, na safari hii hakuna wa kunipekulia kurasa. Nikaogopa kuuliza. Nisipouliza, mlango haujafungwa wala haujafunguliwa. Nimeishi hivyo, nakwangua chumvi, nauza, nasali nyuma ya kanisa karibu na mlango.

Yeye naye alibadilika. Watoto waliofundishwa miaka hii ukiwauliza habari ya kibanda hawakijui. Somo lile aliliacha, na hakumwambia mtu kwa nini. Chumvi hakuja tena kuchukua. Wanawake wenzangu walisema kazeeka. Mimi nilisema moyoni, huyu kuna kitu anakikimbia.

Masika iliyopita Bi Mwanahawa alinijia jarubani, kajifunika mfuko wa rambo kichwani kwa mvua. Akasema, "Mwalimu wenu hatoki kitandani. Anakuulizia. Nenda mwaya, usingoje nije nikwambie tayari."

Nilikwenda alasiri. Nilimkuta peke yake, mpwa wake katoka kumpokea Padri anayekuja kumpaka mafuta. Alikuwa mdogo kitandani, shingo imekonda. Nikasema shikamoo. Hakusikia, masikio yalikuwa yamekwisha. Nikasema kwa nguvu. Akaitika, akaniambia nikae, na mimi nikabaki nimesimama maana nilijua nikikaa nitazungumzia mvua.

Nikamwuliza. Akasema, eh? Nikamwuliza tena. Akaweka kiganja sikioni. Swali nililolificha miaka kumi na moja nikalipigia kelele mpaka nahisi jirani alisikia: "Mwalimu, Mboni ulimbatiza?"

Alifumba macho. Nikangoja mimi safari hii.

"Nilifika dirishani," akasema. "Alikuwa karibu, ningenyoosha mkono ningemgusa. Chupa nilishafungua. Sheria yetu naijua, mtoto akiwa kufani unambatiza hata mzazi akikataa. Nikasikia umekohoa mle ndani." Akapapasa kifuani, pale pa mfuko. "Nilikuogopa, binti yangu. Nilikuogopa wewe. Nikafunga chupa nikaondoka."

Nikakaa.

Akasema yote yaliyobaki bila kuulizwa. Padri alipomwuliza siku ya mazishi, alimwambia nimembatiza mimi mwenyewe, kwa maji, kwa maneno. Alimdanganya padri, akapiga kengele juu ya uongo, na tangu hapo kila Jumapili amekuwa akipokea komunyo na uongo huo mdomoni. Sasa anaogopa. Leo anataka kuungama. Aliniita aniulize kwanza, kwa sababu mtoto ni wangu na mahali alipo ni pake. Akaniapia maungamo hayatoki, Padri hawezi kumhamisha.

Nikamwambia, kwa kelele vilevile, "Wewe ulituchorea wanakokaa. Sasa niambie, yuko wapi?"

"Niliwachorea nilivyopokea."

"Sikuulizi ulivyopokea."

Akafumbua macho. "Sijui," akasema. "Nimemtafuta kila siku. Katika niliyopokea simwoni, katika yaliyoandikwa nimesomewa na mpwa wangu, simwoni. Sijui aliko."

Tangu utoto wangu sikuwahi kumsikia mzee yule akisema hajui. Nilitaka kumpiga. Nilitaka vilevile kumshika mkono, sikufanya lolote. Kumsamehe sikumsamehe, naandika ijulikane. Nilimwambia tu, ungama.

Padri alifika, kijana mpole, mgeni kwetu, akaniomba nitoke. Nikatoka uani. Lakini kiziwi hajui kunong'ona. Nikaenda mpaka kwenye mpapai, bado nasikia. Nikaenda mpaka kwenye choo. Nikamsikia analitaja, Mboni, Mboni binti wa fulani, na jina langu pia. Padri naye ikabidi apaze sauti ili asikike, akauliza jina la ubatizo la huyo mtoto ni nani.



"Hana, Padri," Mwalimu akasema. "Ana hilo hilo."

Alizikwa siku nne baadaye, kengele ikalia sana. Padri alinipa mkono na hakunitazama tofauti na wengine. Najua maungamo hayatoki, niliapiwa. Hata hivyo kesho yake asubuhi, kabla ya kwenda jarubani, nilipita makaburini, mstari wa tatu, kuangalia kama wamemhamisha. Nilimkuta. Kesho kutwa yake nikapita tena. Mpaka leo napita.